Kufunga pampu ya nje ya kuzungusha maji kwenye tangi la samaki: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanajirudia sana kwa watu wanaotaka maji ya tangi yazunguke vizuri bila kujaza mashine na nyaya ndani, kwa hiyo nimeyaweka pamoja. Mengi yanaishia sehemu moja: shida huwa si pampu, ni bomba, na hasa bomba la upande wa kunyonya. Usiposhika kingine chochote shika hilo.

Pampu ya nje ndo ipi hasa?

Ni pampu inayokaa pakavu, nje ya tangi, mara nyingi kwenye kabati chini. Maji yanatoka tangini kwa bomba, yanapita kwenye pampu, yanarudi kwa bomba jingine. Kama yanatoka tangini na kurudi tangini hapohapo bila kumwagikia popote, huo tunauita mzunguko uliofungwa. Kama yanaangukia kwanza kwenye tangi dogo la chini, yaani sampu, halafu ndo yanapandishwa, hiyo ni habari nyingine na hesabu zake ni tofauti, nimeigusa huko chini. Usizichanganye maana watu wanachukua ushauri wa sampu wanauweka kwenye mzunguko uliofungwa halafu wanashangaa.

Kwani lazima? Si naweka tu vipampu vya propela ndani ya tangi yakaisha?

Ukweli ni kwamba kwa tangi dogo, tuseme chini ya lita 200, yakaishe tu. Kipampu cha propela cha wati 10 hivi kinasogeza maelfu ya lita kwa saa na hakihitaji kutoboa wala kugundisha kitu. Pampu ya nje inakula umeme zaidi kwa kazi ileile ya kusogeza maji kwa sababu inabidi iyasukume ndani ya mabomba.

Inapoanza kuwa na maana ni tangi likiwa kubwa, au ukiwa hutaki kuona madude na nyaya ndani, au una mimea au matumbawe yamejaa mpaka huna pa kubandika kipampu, au unataka maji yatokee sehemu nyingi kwa wakati mmoja, mfano nyuma ya mawe ambako uchafu huwa unalala. Pia ukitaka kuisafisha unaifanyia kazi kabatini bila kuingiza mkono majini, hiyo peke yake kwa wengine inatosha.

Maji yanatakiwa kuzunguka mara ngapi kwa saa?

Tangi la kawaida la maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, mara 4 hadi 6 ya ujazo wa tangi kwa saa inatosha. Matumbawe laini yanataka kama mara 10 hadi 20, na yale magumu yenye matawi watu wanaenda mara 30, 40 na zaidi, ukijumlisha kila kinachosukuma maji humo ndani. Ila usiabudu namba. Tangi linaweza kuwa na mara 30 kwenye karatasi na bado kuna kona imekufa kwa sababu maji yote yanapiga kioo cha mbele tu. Zima taa za chumba, washa za tangi, mwagia chakula kidogo cha ungaunga halafu kaa uangalie chembe zinaenda wapi. Zikitua sehemu moja na kubaki hapo, hapo ndo pa kuelekeza mdomo mmoja wa kurudishia maji.

Na sio kila samaki anapenda. Beta na samaki dhahabu wa mapezi marefu wanachoka vibaya kwenye mkondo mkali, ukiona wanajificha nyuma ya filta siku nzima au wanaogelea kwa kuhangaika, punguza.

Pampu ipo chini, tangi lipo juu, si nguvu yote inaishia kupandisha maji?

Hapana, na hili ndo swali linalowafanya watu wanunue pampu kubwa bure. Kwenye mzunguko uliofungwa bomba zote zikishajaa maji, uzito wa maji yanayoshuka kuja kwenye pampu unasawazisha uzito wa yale yanayopanda. Kimo kinajifuta chenyewe, pampu iwe sm 80 chini au mita 3 kwenye chumba cha chini, kinachobaki cha kupigana nacho ni msuguano tu ndani ya bomba. Ukiweka mdomo wa kurudishia juu ya uso wa maji basi unalipia kile kipande cha juu ya uso wa maji peke yake.

Kwenye sampu sivyo. Kule maji yameshaanguka yakakaa, kwa hiyo pampu inalipa kimo chote toka uso wa maji ya sampu mpaka uso wa maji ya tangi, na msuguano juu yake.

Maana yake kwenye mzunguko uliofungwa usitafute pampu yenye hedi kubwa, hedi ikiwa ni kimo ambacho pampu inaweza kupandishia maji. Tafuta inayotoa maji mengi kwa hedi ndogo. Zile za presha kubwa zinakula umeme kwa nguvu ambayo huitumii.

Boksi limeandika lita 6000 kwa saa, nikipima napata nusu. Nimepigwa?

Pengine hujapigwa. Namba kubwa kwenye boksi ni ya pampu ikiwa haina bomba wala kimo mbele yake. Kinachofaa kusoma ni ile grafu yenye lita upande mmoja na hedi upande mwingine, ukiona pampu haina grafu hiyo kabisa basi mi ningeiacha hapo dukani.

Tupige hesabu. Lita 6000 kwa saa ni lita 1.67 kila sekunde. Zipitishe kwenye bomba lenye uwazi wa ndani wa mm 25, maji yanakimbia mita 3.4 kwa sekunde, na kila mita ya bomba inakula karibu sm 42 za hedi. Elbo moja kali ya nyuzi 90 inahesabika kama bomba lenye urefu wa mara 30 ya upana wake, kwa hiyo elbo ya mm 25 ni kama umeongeza sm 75 za bomba. Sasa una mita 2 za bomba na elbo 6, ambayo ni hali ya kawaida kabisa kabatini, hiyo ni sawa na mita 6.5, zidisha unapata kama mita 2.7 za hedi zimepotea kwenye msuguano na bado hujafika kwenye midomo. Pampu nyingi za kuzungushia maji zikiona hedi hiyo zinakuwa zinapumulia mashine. Kiuhalisia maji yatapungua mpaka msuguano na nguvu ya pampu vilingane, ndo hiyo nusu yako.

Kazi ileile kwenye bomba la mm 40: kasi inashuka hadi mita 1.3 kwa sekunde, kila mita inakula sm 5 tu hivi, na hata ukihesabu elbo 6 za saizi hiyo jumla haifiki nusu mita. Pampu ni ileile na umeme uleule.

Lakini tundu la pampu yenyewe ni mm 25, bomba la mm 40 litasaidia nini?

Litasaidia sana. Ile mm 25 ya kwenye pampu ni sentimita chache tu, msuguano wake mdogo. Hasara inajengwa na urefu na kona. Toka kwenye pampu weka redyusa, yaani kiungo cha kubadilisha saizi ya bomba, mara moja upanue, halafu nenda na bomba nene mpaka karibu na mdomo ndo upunguze tena. Msuguano unapungua kwa kasi ya ajabu bomba likipanuka, ukizidisha upana mara mbili kwa maji yaleyale hasara inashuka mpaka karibu sehemu 1 ya 32.

Upande wa kunyonya ndo usibanie kabisa. Kama una hela ya bomba nene upande mmoja tu, weka kwenye kunyonya. Kamwe bomba la kunyonya lisiwe jembamba kuliko tundu la pampu, na liende fupi, limenyooka, kona chache. Kama lazima upinde tumia elbo mbili za nyuzi 45 badala ya moja ya 90, na acha kipande kilichonyooka kabla ya kuingia kwenye pampu, maji yakiingia yakiwa bado yanajipinda impela, yaani lile gurudumu la ndani linalosukuma maji, haipati mzigo sawa.

Pampu inalia kama imemeza kokoto na kuna viputo vidogo vinatoka. Imekufa?

Bado, ila unaiua. Hizi pampu zinasukuma, kunyonya haziwezi. Zinategemea maji yaje yenyewe kwa uzito wake. Ukibana upande wa kuingilia, presha mbele ya impela inashuka mpaka hewa iliyoyeyuka majini inajitoa, na ikizidi maji yenyewe yanageuka mvuke kwa joto hilohilo la kawaida, vile viputo vikifika sehemu ya presha kubwa vinapasuka kwa nguvu na ndo hiyo sauti ya kokoto. Taratibu vinachimba impela.

Angalia kwanza chujio la ndani ya tangi, mara nyingi limezibwa na majani au mwani. Halafu angalia valvu ya upande wa kunyonya kama imefunguliwa yote. Halafu ndo uanze kulaumu bomba.

Nataka kupunguza kasi ya maji, nifunge koki ipi?

Ya upande wa kutokea. Siku zote. Ya kunyonya inakaa wazi yote, ipo pale kwa ajili ya kufungua pampu tu. Na kwa kupunguza, geti valvu ni nzuri kuliko bol valvu kwa sababu inafunga kidogokidogo, bol valvu ukiigusa kidogo tu maji yanabadilika mno. Pampu za aina hii hazidhuriki ukizikaba upande wa kutokea, hata umeme zinakula pungufu kidogo, ila usizifunge kabisa zikaendelea kuzunguka maana maji ya ndani yanachemka.

Kama unajua toka mwanzo kwamba utaikaba nusu, nunua ndogo. Au ya DC yenye kidhibiti, hiyo unapunguza mzunguko wa mota yenyewe.

Kutoboa kioo naogopa. Kuna ujanja?

Ujanja ni maji mengi na kutokuwa na haraka, lakini kabla ya hapo hakikisha kioo sio tempadi, yaani kile kilichoongezwa ugumu kwa joto. Tempadi haitoboki, inasambaratika yote kwa mpigo. Matangi mengi ya kiwandani kioo cha chini ni tempadi hata kama cha nyuma sio. Kupima, fungua ukurasa mweupe mtupu kwenye kompyuta, weka skrini nyuma ya kioo, kiangalie kwa miwani ya jua yenye lenzi za polaraizi huku ukiigeuzageuza. Ukiona madoa na mistari meusi iliyopangika kwenye kioo, acha.

Kikiwa cha kawaida, chukua biti ya almasi ya mviringo. Saizi usikisie, pima shingo ya tenki konekta, yaani kiungo cha kupitisha bomba kwenye kioo, uliyonayo mkononi. Toka ukingo wa tundu mpaka ukingo wa kioo bakiza angalau upana sawa na wa tundu lenyewe, tundu la mm 50 basi mm 50 za kioo zibaki. Bandika tepu nyuma ili kipande kisianguke. Anza kwa kulaza biti kwa pembe mpaka ikate kamfereji, ndo uisimamishe wima, kasi ndogo, maji yanamwagika muda wote. Utaona uji mweupe wa kioo unatoka, hiyo ni dalili nzuri, ukiona unga mkavu umekosa maji. Uzito wa drili wenyewe unatosha, usikandamize, hasa milimita za mwisho ambapo ndo kioo kinapobanduka vipande upande wa pili. Kioo cha mm 10 kikikuchukua dakika 10 au 15 hujachelewa.

Tenki konekta inavuja kidogo, nipake silikoni?

Angalia kwanza gasketi, yaani ule mpira wa kuzibia, ipo upande gani. Inakaa upande wa kichwa kipana, sio upande wa nati, kwa hiyo kwa kawaida inakuwa ndani ya tangi. Watu wengi wameiweka upande wa nati, pale maji yanapita kwenye nyuzi za skrubu yanatokea nje bila kukutana na mpira wowote. Kioo kiwe safi, gasketi isiwe na chembe ya mchanga, kaza kwa mkono halafu ongeza robo mzunguko. Ukikaza kama nati ya gari gasketi inatoka pembeni, au kioo kinapasuka. Silikoni ukipaka siku ya kubadilisha utaikumbuka.

Sitaki kutoboa kabisa, bomba linaweza kupita juu ya ukingo?

Linaweza, na wengi wanafanya hivyo. Bomba linapanda toka majini, linapita juu ya ukingo, linashuka hadi kwenye pampu, inakuwa saifoni ya kawaida, yaani bomba likishajaa maji yanajivuta yenyewe. Kasoro yake ni ile nundu ya juu, hewa inajikusanya pale kidogokidogo, na ikizidi saifoni inakatika, pampu inabaki inazunguka kavu na sili au shafti inaungua. Kwa hiyo pale juu kabisa weka kikoki kidogo cha mpira wa hewa. Siku ya kwanza unavutia maji hapo, na baadaye unatolea hewa. Ukiiacha nyumba muda mrefu na mfumo wa aina hii weka kitu kinachozima pampu ikikosa maji, mi nisingelala na amani bila hicho.

Bomba gani, na gundi gani?

PVC ya presha, ile ngumu nene, sio ile nyembamba ya maji machafu. Isiwe ya kupitisha mwanga, ukitumia bomba linaloonyesha ndani mwani unaota humo. Kata mraba, kwangua makombo yote ya ndani na nje, paka praima, paka gundi pande zote mbili, ingiza huku unazungusha robo, halafu shikilia sekunde 30 hivi kwa sababu bomba lina tabia ya kujirudisha nyuma lenyewe ukiachia. Mpe saa 24 kabla ya presha. Panga mfumo wote mkavu kwanza bila gundi, chora alama ya kalamu kwenye kila kiungo ili ujue kimekaa pembe gani, maana gundi ikishika haijadiliani.

Kwenye nyuzi za skrubu hapo tumia tredi tepu sio gundi. Plastiki dume kwenye plastiki jike kaza kwa adabu, ile ya kike ndo inayopasuka na ufa wake unaweza kuonekana baada ya wiki.

Pande zote mbili za pampu weka yunioni, yaani kiungo cha kufungua na kufunga, na bol valvu. Bila hivyo siku ya kuitoa unakata bomba kwa msumeno huku maji ya tangi zima yanakusubiri. Valvu ikae upande wa tangi, yunioni upande wa pampu, ukizipanga kinyume hazina kazi.

Viungo vya shaba si ndo imara zaidi?

Kwa nyumba sawa. Kwa tangi hapana. Shaba inaua kamba, konokono na matumbawe kwa kiasi kidogo sana, na maji ya chumvi yanaila haraka. Bomba la chuma lililopakwa zinki hapana pia. Hata chuma cha pua cha kawaida, ile 304, kwenye maji ya chumvi kinatoa kutu.

Na hii inajibu lile swali la pampu ndogo za kuongezea presha ya maji ya nyumbani. Nyingi zina impela ya shaba nyeupe au njano na mwili wa chuma, zina presha kubwa na maji kidogo, zina kelele, na hazikutengenezwa kuzunguka usiku na mchana. Ziache zifanye kazi yake. Unayotaka ni yenye sehemu za majini za plastiki na shafti ya seramiki, na ile ambayo impela inazungushwa kwa sumaku haina sili ya kuvuja, ndo naipendelea.

Midomo ya kurudishia iwe mingapi?

Inategemea bomba, na hapa watu wanajumlisha vibaya. Midomo miwili ya mm 20 sio sawa na bomba moja la mm 40, inahitaji minne. Eneo ndo linahesabika sio upana. Kwa mfano wetu wa lita 6000, midomo minne ya mm 20 inatoa maji kwa mita 1.3 kwa sekunde, mkondo mpana wa taratibu. Ukiweka minne ya mm 12 kasi inaruka mpaka mita 3.7, na unalipa kama sm 70 za hedi hapo mlangoni tu. Kasi hiyo inafika mbali lakini ikipiga tumbawe kwa karibu inalikwangua nyama. Minne hadi sita yenye shingo za kupinda inatosha matangi mengi. Ukigawa kwa mingi zaidi kila mmoja unatoa kamkondo ambako hakafiki popote.

Kuna pia midomo ya venturi, inayovuta maji ya pembeni yaende pamoja na yale ya pampu. Watengenezaji wanasema lita 1 ya pampu inasogeza lita 4 au 5 jumla, lakini zinataka presha, kwa pampu ya hedi ndogo utakuwa umeifunga tu.

Viputo vidogodogo haviishi, maji yamekuwa kama maziwa.

Siku mbili tatu za mwanzo ni kawaida. Vikiendelea, hewa inaingia upande wa kunyonya. Kiungo cha upande huo kinaweza kuvuta hewa bila kudondosha hata tone la maji, kwa hiyo usitafute unyevu. Pampu ikiwa inazunguka, mwagia maji kidogo kiungo kimoja kimoja kwa nje huku unaangalia midomo. Viputo vikikata ghafla, umekipata. Kabla ya hapo hakikisha chujio la kunyonyea halipo karibu mno na uso wa maji, linaweza kuwa linatengeneza kakimbunga kanakovuta hewa toka juu.

Samaki wangu atanyonywa?

Tundu moja tupu lenye nguvu yote ya pampu, ndiyo, na anemoni akitembea usiku akafika hapo asubuhi unakuta supu. Weka matundu mawili ya kunyonyea yaliyounganishwa kwa tii, moja likizibwa jingine linabeba, na kila moja liwe na chujio kubwa refu. Eneo la wazi la chujio likiwa mara nyingi ya bomba, kasi pale nje inakuwa ndogo na hata konokono anatambaa juu yake bila shida. Ukiwa na vifaranga vaa chujio kipande cha sponji, ila kioshe mara kwa mara, unakumbuka ile habari ya kokoto.

Umeme ukikatika maji yatamwagika?

Mzunguko uliofungwa, hapana. Maji yanasimama tu palepale na umeme ukirudi yanaendelea. Kukiwa kumekatika siku nzima au zaidi, yale yaliyolala kwenye bomba yamekosa oksijeni na yanaweza kuwa na harufu mbaya, yamwage kwenye ndoo kwanza kupitia yunioni kabla ya kuwasha.

Kwenye sampu ndo penye mafuriko. Bomba la kurudishia linageuka saifoni na kurudisha maji chini mpaka mdomo ukae wazi. Tangi la sm 120 kwa 60, kila sentimita moja ya maji ni lita 7.2. Mdomo ukiwa sm 5 chini ya uso wa maji utapokea lita 36 kwenye sampu, na sampu iwe na nafasi hiyo. Toboa katundu kwenye bomba la kurudishia chini kidogo tu ya uso wa maji ili saifoni ikate mapema, na ukasafishe maana konokono wanapenda kukaziba. Valvu ya kuzuia maji kurudi usiitegemee peke yake, mchanga kidogo tu unaizuia kufunga.

Hatari ya mzunguko uliofungwa ni kiungo kuachia. Hapo maji yanashuka mpaka kiwango cha tundu la chini kabisa lililounganishwa na bomba hilo, na midomo ya kurudishia inahesabika. Matundu ya chini ya kioo yanamaliza tangi lote. Ndo maana mi ningetoboa juu, theluthi ya juu ya kioo cha nyuma, kuliko chini.

Joto na bili ya umeme?

Pampu ya nje yenye feni inatupa sehemu kubwa ya joto la mota hewani, ya kuzamisha inaliacha lote majini. Ila kabati lililofungwa kila upande linageuka oveni, toboa nyuma. Umeme piga hesabu mwenyewe: wati 100 usiku na mchana ni uniti 876 kwa mwaka.

Waya wa pampu uache ushuke chini kuliko soketi kabla ya kupanda kuingia, ili maji yakitambaa kwenye waya yadondoke sakafuni. Na mfumo wote uwe nyuma ya swichi inayokata umeme unapovuja, ya miliampia 30. Hii sio ya hiari.

Inatetemesha kabati usiku.

Iweke juu ya sponji nene au mpira laini, usiifunge skrubu kwenye mbao, na unganisha pampu na bomba gumu kwa kipande kifupi cha mpira mnene usiojinyonga. Mpira wa upande wa kunyonya uwe na kuta ngumu, laini unabonyea.

Naanzaje kuijaribu, na baada ya hapo matunzo yake?

Jaza maji matupu bila chumvi wala samaki, fungua valvu zote, acha hewa itoke, washa, na iache saa 24 ukiwa umetandika karatasi kavu chini ya kila kiungo. Tone moja linaonekana kwenye karatasi kabla hujaliona kwenye bomba.

Baada ya hapo chujio kila wiki, na pampu yenyewe kila baada ya miezi mitatu minne. Funga valvu mbili, legeza yunioni juu ya ndoo, toa kichwa cha pampu. Ukikuta impela ina ganda jeupe gumu, hilo ni chokaa, iloweke kwenye siki au maji ya asidi ya sitriki mpaka liachie lenyewe, usikwangue kwa kisu. Ikague sumaku kama imevimba au ina ufa, ikague shafti. Oringi ya kifuniko ifute, ipake grisi ya silikoni, sio ya petroli kwa sababu inavimbisha mpira. Ukirudisha fungua ya kunyonya kwanza, subiri pampu ijae maji, fungua ya kutokea, ndo uwashe.